Land Rover ya 1976 kwa milioni 26: nilipe au niache?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nimeonyeshwa Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, kadi inasema ni ya 1976. Ilikuwa ya shamba la mkonge, baadaye ikanunuliwa na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Anayeuza ni mwanawe, na anataka milioni 26. Anasema Uingereza magari haya yana bei kubwa sana, hivyo hapa ni kama ananigawia. Injini ya petroli ilitolewa, ikafungwa ya dizeli ya Toyota. Rafiki yangu alipitisha sumaku mlangoni haikunata, akasema bodi nzima ni puti, ule udongo wa kuzibia matundu ya bodi. Fundi wangu amekadiria matengenezo hivi: chasisi upande wa nyuma milioni 3, tairi tano na breki milioni 2.4, nyaya na sili laki 8. Mwaka jana Muheza iliuzwa kama hiyo, nzima, na injini yake ya kiwandani, kwa milioni 19. Baba yangu aliendesha gari la namna hii enzi za mkonge, nalitamani kweli. Bei ya haki ni ipi? Mwalimu, Tanga.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na sumaku, maana rafiki yako amekutia hofu bure. Land Rover ilipozinduliwa mwaka 1948, chuma Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita, ndiyo maana bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Ikaendelea hivyo hadi Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Sumaku hainati kwenye aluminiamu hata gari lingekuwa limetoka kiwandani jana. Ipitishe kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na abiria, hasa chini pale miguu ya dereva inapokaa, na kwenye nguzo zinazoshika bawaba za milango. Hapo ni chuma. Ikikataa hapo, basi ndipo puti lilipo.

Bei ya gari hili iko uvunguni. Bodi ya aluminiamu inaweza kung'aa huku chasisi imekwisha, kwa hiyo rangi mpya isikupandishie hata shilingi moja. Chasisi yake ni boksi la chuma lenye uwazi, na kutu huanzia ndani, hasa kwa gari lililoishi kwenye hewa ya chumvi kama ya Tanga. Kwa nje utaona rangi nyeusi safi, kumbe chuma kimebaki chembamba kama karatasi. Mwambie fundi apige jeki, aweke stendi imara, kisha ingieni wote wawili na nyundo ndogo na bisibisi. Anzeni na ule mhimili wa mwisho kabisa nyuma, mwende kwenye vishikio vya springi, halafu mikono ya chasisi inayobeba ukuta wa mbele. Chuma kizima ukikigonga kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Bisibisi ikizama karibu na kishikio cha springi, ile milioni 3 ya fundi wako haitoshi, mfanye hesabu upya. Angalia pia viraka vilivyochomelewa juu ya kutu, kiraka juu ya kiraka. Na kama uvungu umepakwa lami nzito juzijuzi, omba kukwangua kidogo. Akikukatalia, ondoka.

Mkiwa hukohuko chini, someni namba ya chasisi. Imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Ilingane na kibati kilichomo ndani ya gari na ilingane na kadi. Hii usimtume mtu, isome mwenyewe.

Bei za Uingereza hazikuhusu. Kule gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara ya kila mwaka, na kuna watengenezaji wanaouza chasisi mpya kabisa iliyopakwa zinki, kwa hiyo mtu ananunua hata lililooza akijua ataliinua. Tena bei unayoiona kwenye tangazo ni ile muuzaji anayoiomba, si ile aliyolipwa. Na wakusanyaji wa kule wanalipia uasili, ambao gari hili limeupoteza lilipofungwa injini ya Toyota.

Kwa matumizi yako injini hiyo ni faida, spea zake hazisumbui. Kagua tu ilivyoshikizwa na inavyoungana na gia boksi, kisha liendeshe mteremkoni ukiwa gia ya tatu na uachie mafuta. Gia isichomoke. Ila kama gari la kale thamani imepungua, na siku ukiuza utaiona hasara hiyo. Uliza injini ya petroli iko wapi. Mara nyingi imelala nyuma ya nyumba chini ya turubai, na inafaa iingie kwenye mauziano. Namba ya injini iliyomo sasa nayo lazima iwe kwenye kadi.

Jambo la mirathi ni zito kuliko kutu. Mtoto wa marehemu hawezi kukuuzia kwa sababu tu ufunguo uko mfukoni mwake. Akuonyeshe barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye asaini. Kabla ya hapo usitoe hata pesa ya kishika uchumba, maana ndugu zake wanaweza kulidai gari hata baada ya wewe kulitengeneza.

Sasa hesabu. Ya Muheza ni kipimo kizuri kwa sababu iliuzwa kweli, karibu na kwako. Kwenye milioni 19 toa matengenezo, milioni 6.2, inabaki 12.8. Toa milioni 1 kwa injini isiyo ya asili, inabaki 11.8. Kwa magari ya umri huu mimi huongeza robo ya makadirio ya fundi kwa yale yasiyoonekana, hapa kama milioni 1.5. Tunafika 10.3. Anza na 9, usivuke 10.5. Injini ya awali ikipatikana, nenda hadi 11.5.

Habari za baba yako na mkonge usimsimulie muuzaji, zitaingia kwenye bei. Nakuombea ulipate, haya ni magari yaliyobeba mashamba yale na yanastahili mtu anayeyapenda. Akishikilia 26, mwachie, uulizie Muheza, Korogwe na kwenye karakana za misheni. Na ukishatoka uvunguni niandikie mlichokuta kwenye vishikio vya springi za nyuma, tuone kama hiyo milioni 3 inasimama.