Maswali na Majibu: Jezi ya Mchezaji Aliyehama

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, barua zinazonifikia hapa Arusha huwa na kilio kimoja: mchezaji aliyependwa ameondoka, na aliyempenda hajui ayapeleke wapi mapenzi yaliyobaki. Nimechagua tano na kuzifupisha.

Mwaka 2023 nilinunua jezi ya Simba yenye jina la Chama. Julai 2024 akahama, tena akaenda Yanga, si kwingine! Tangu hapo jezi iko sandukuni. Wenzangu wananishauri niichome. (Fundi seremala, Ngarenaro)

Fundi, moto huo utaila fedha yako, si ya Chama. Ukifikiria kulibandua jina, fahamu kwamba maandishi yaliyobandikwa kwa joto huacha kivuli, na kivuli hicho kitawachekesha wenzako kuliko jina lenyewe. Ivae kama ilivyo. Bao la Desemba 2018 dhidi ya Nkana, lililoivusha Simba hadi hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, alilifunga akiwa mchezaji wenu, na aliwafunga Wazambia wenzake. Bao lile halikuhamia Jangwani, makao ya Yanga, pamoja naye. Isitoshe, hiyo haikuwa mara yake ya kwanza kuondoka. Mwaka 2021 alikwenda RS Berkane ya Morocco, akarejea Januari 2022, na Msimbazi, yaani Simba, ikampokea kama mwana aliyetoka safari. Kwa hiyo kinachokuuma si kuondoka kwake bali ni alikokwenda, na maumivu ya namna hiyo ni sehemu ya utani wa jadi wa Simba na Yanga uliouingia kwa hiari yako.

Kijiweni kwetu tumegombana. Mmoja anasema Chama na Feisal Salum ni wasaliti sawasawa. Mwingine anasema mchezaji ni mfanyakazi kama dereva au mwalimu, anakwenda anakolipwa. Yupi ana haki? (Msomaji wa Njiro)

Wote wawili wameruka jambo moja, nalo ni mkataba. Chama aliondoka mkataba wake na Simba ulipofikia ukingoni, na mchezaji wa namna hiyo hadaiwi na mtu. Kanuni za FIFA humruhusu hata kusaini na klabu nyingine mkataba wake unapobakiza miezi 6, kisha akahama bila klabu yake kulipwa ada. Mashabiki husema "kaondoka bure" kana kwamba ameiba, ilhali swali la haki ni kwa nini uongozi ulimwacha nyota afike mwisho wa mkataba bila kumwongezea mwingine. Mwenye kadi ya uanachama anayo nafasi ya kuliuliza hilo kwenye mkutano mkuu, mahali ambapo, kwa niliyoyaona, watu hupenda zaidi kuuliza habari za posho.

Suala la Feisal lilikuwa jingine kabisa. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba uliokuwa bado una uhai, Yanga wakakataa, na Januari 2023 kamati ya shirikisho la soka nchini, TFF, ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ulidumu hadi Juni, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo, ndipo Yanga na Azam zikaelewana, naye akaenda Azam. Hapo naona shabiki wa Yanga alikuwa na sababu ya kunung'unika, kwa maana ahadi iliyoandikwa ilikuwa haijafika mwisho wake. Hata hivyo neno "msaliti" silitumii hata kwake, kwa kuwa ahadi ile aliitia saini na klabu, nayo ikamalizwa na klabu. Mimi na wewe tuliokuwa jukwaani hatukuwa upande wowote wa karatasi hiyo. Yule wa dereva na mwalimu yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa sijapata kuona watu wakilia stendi kwa sababu dereva amehamia basi jingine.

Mwanangu wa miaka 12 alianza kwa kuishabikia Barcelona, mwaka 2021 akaenda PSG, sasa ni Inter Miami. Baba yake anasema mtoto hana msimamo. (Mama wa Majengo, Moshi)

Msimamo anao, mama: ni wa Messi, anamfuata kila anakohamia. Mwacheni.

Tulikuwa tukienda uwanja wa Ushirika kuitazama Polisi Tanzania hadi iliposhuka daraja mwaka 2023. Wanaong'ara kwenye timu za mikoani huchukuliwa na timu kubwa. Kuna faida gani kushangilia timu ambayo kwa wachezaji ni kituo cha kubadilishia gari? (Mstaafu, Pasua)

Mzee wangu, shikamoo. Faida ya kwanza ni yako: wewe ulimwona kijana kabla jina lake halijafika redioni. Faida ya pili ni ya fedha, na timu zetu nyingi huipoteza kwa uzembe. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA hutaka asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea alipokuwa kati ya umri wa miaka 12 na 23. Ila klabu hulipwa ikiwa kumbukumbu zinaonyesha kwamba kijana alisajiliwa kwao kihalali, na timu nyingi za mitaani humchezesha mtoto miaka minne bila hata fomu moja. Kwa uhamisho wa ndani ya nchi, kinga nzuri ni kuandika mapema kwamba timu itapata sehemu ya fedha mchezaji atakapouzwa tena. Kwa kuwa umestaafu na muda unao, mtembelee katibu wa timu ya vijana ya hapo Pasua umwombe akuonyeshe daftari la usajili. Asipokuwa nalo, mnunulie.

Mchezaji aliyetuhama akija uwanja wa Sheikh Amri Abeid na timu yake mpya, tumzomee au tumpigie makofi? (Dereva wa bodaboda, Sanawari)

Mzomee akiwa na mpira, kwa sababu siku hiyo ni mpinzani. Mpigie makofi anapotolewa. Mpaka usiovukwa ni kurusha vitu. Luis Figo, aliyehama Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, aliporudi Camp Nou, uwanja wa Barcelona, Novemba 2002 alirushiwa chupa na hata kichwa cha nguruwe, na mchezo ukasimamishwa kwa muda. Chupa yako ya maji itunze. Jua la saa kumi kwenye jukwaa la mzunguko litakukumbusha kazi yake.