Windows na Linux zinapishana saa tatu: betri haina kosa

Mkuu, umesema kompyuta yako ina Windows na Linux pamoja, fundi kakubadilishia betri ya mazabodi (motherboard, ubao mkuu wa kompyuta), na bado kila ukitoka Linux kuingia Windows saa inarudi nyuma kwa saa tatu. Betri ikifa utaona kingine: ukichomoa umeme na kuwasha tena, tarehe inaruka hadi miaka ya nyuma na tovuti nyingi zinagoma kufunguka kwa sababu ya vyeti vya usalama. Lakini tofauti ya saa tatu kamili, isiyopungua wala kuzidi, ni ya UTC (saa ya kimataifa ya marejeo) na saa zetu za Afrika Mashariki, zilizo mbele yake kwa saa tatu.

Humo ndani kuna saa mbili. Moja iko kwenye mazabodi, na kile kibetri cha CR2032 huiendesha hata kompyuta ikiwa imezimwa. Nyingine ni ya mfumo: ukiwasha, inaisoma ile ya kwanza kisha inaendelea kuhesabu yenyewe. Windows huchukulia kwamba saa ya mazabodi ni saa ya hapa tulipo. Linux huchukulia kwamba ni UTC.

Tuseme sasa ni saa tisa alasiri. Linux inachukua saa sahihi mtandaoni, halafu inaandika saa sita mchana kwenye mazabodi, maana ndiyo UTC. Unaingia Windows, unaonyeshwa saa sita. Ukiirekebisha huko, Linux nayo itaamka ikidai ni saa kumi na mbili jioni. Mtazunguka hivyo hadi mchoke.

Mimi huwa naibadilisha Windows. Fungua regedit (programu ya kuhariri rejista, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows) kama msimamizi, nenda:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation

Unda DWORD (aina ya mpangilio wa namba) iitwayo RealTimeIsUniversal, ipe thamani 1; hapo Windows nayo itaichukulia saa ya mazabodi kuwa UTC. Ingia Linux, saa ya mfumo ikishakuwa sahihi andika kwenye terminal (dirisha la amri):

sudo timedatectl set-local-rtc 0
sudo hwclock --systohc

Ukiandika timedatectl peke yake, mstari wa "RTC in local TZ" (RTC ndiyo ile saa ya mazabodi) useme "no".

Wapo watakaokushauri kinyume, uandike set-local-rtc 1, ili Linux ndiyo ifuate saa ya hapa, na kuiacha Windows ilivyo. Inafanya kazi, na sisi hatusogezi saa kwa msimu kama Ulaya, ambako kila mfumo unaweza kuisogeza kivyake. Hata hivyo timedatectl yenyewe itakuonya. Njia hiyo naitumia tu kwenye mashine za ofisi ambazo Windows yake siruhusiwi kuigusa.