Chumvi haifukuzi vyura, inawaua

SWALI: Tangu masika yaanze, vyura wakubwa wenye mabaka hujaa uani kwetu kila usiku, chini ya taa. Jirani ananishauri nimwage chumvi na mafuta ya taa mtaroni. Watoto nao huwashika, naogopa wataota chunjua. Nifanyeje? (Mama Neema, Morogoro)

JIBU: Mama Neema, la chunjua liweke kando. Chunjua huletwa na virusi vya binadamu. Vinundu vya mgongoni mwa chura ni tezi za ngozi yake tu. Watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kushika macho au mdomo, yatosha.

Kinachonikera ni chumvi. Chura hanywi maji kwa mdomo. Hukalia udongo wenye unyevu, akafyonza maji kwa ngozi ya tumbo na mapaja. Ngozi hiyohiyo ikipata chumvi, maji humtoka badala ya kumwingia, na hufa taratibu kwa kukauka. Mchicha wako nao utaungua mizizi, na keshokutwa watakuja vyura wengine, maana kilichowaita bado kipo. Mafuta ya taa yatasombwa na mvua hadi kwa wenzako walio chini.

Wanaitwa na taa na maji. Kwa maelezo yako yaelekea ni chura aitwaye kitaalamu Sclerophrys gutturalis, anayewinda usiku: kumbikumbi, mende, chochote kinachoangukia chini ya balbu. Jike hutaga maelfu ya mayai kwenye nyuzi ndefu za utelezi, katika maji yaliyotuama. Basi zima taa ya nje, fukia madimbwi, funika ndoo na mapipa, ziba uwazi chini ya mlango. Waliopo wasukumie kwenye ndoo kwa ufagio, ukawaachie bondeni.

Kama una mbwa, mchunge. Tezi mbili kubwa nyuma ya macho ya chura hutoa sumu nyeupe inayovuruga moyo. Mbwa akimng'ata na kutoka povu, msuuze mdomo kwa maji yanayotiririka, kichwa kikielekea chini asiyameze, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Msimnyweshe maziwa wala mafuta kwa nguvu. Yanaweza kuingia mapafuni.

Na wale wanaosaga chura mkavu na kumuuza kama dawa ya pumu au ya nguvu za kiume, waepukeni kabisa. Sumu hiyo hiyo imo kwenye unga wao, kuichemsha hakuiondoi, na mgonjwa anayetumia vidonge vya moyo vya digoksini ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa vyote viwili hufanya kazi mahali pamoja moyoni. Aliyekwisha kunywa apelekwe hospitali mara moja, na kilichobaki kwenye karatasi au chupa kipelekwe naye.