Mtihani wa Kiingereza wa kwenye kompyuta: kabla ya kitabu cha grama, angalia vidole vya mtoto

Mzazi akinitafuta kuhusu hii mitihani swali lake la kwanza huwa ni moja tu, ninunue kitabu gani cha grama. Mi namuuliza, mtoto anataipu kwa vidole vingapi? Wengine wanadhani natania. Sitanii hata kidogo.

Nimekaa na hawa watoto wa miaka 12 mpaka 15 muda mrefu sasa, nikiwaandaa kwa mitihani ya Kiingereza ya kwenye kompyuta, na ninachokiona kila mara ni kwamba lugha wanayo. Wanaangalia video kutwa nzima, wanachati, wanabishana kwenye gemu na watu wasiowajua, Kiingereza kinawatoka tu. Halafu unamweka mbele ya skrini, saa inahesabu kurudi nyuma pale juu kwenye kona, hedifoni masikioni, hakuna mtu wa kumuuliza kitu, na yule mtoto mchangamfu anakuwa kama kamwagiwa maji.

Ngoja tuanze na kuchagua mtihani, maana wazazi wengi wanachagua kwa jina. Mi nakushauri uchague kwa jinsi mtihani wenyewe unavyofanyika. Cambridge wana A2 Key for Schools, B1 Preliminary for Schools na B2 First for Schools (A2, B1 na B2 ni leveli za Kiingereza, A2 ndio ya chini hapo na B2 ya juu), zote unaweza kufanya kwa karatasi au kwa kompyuta. Hilo neno "for Schools" lisikutishe, leveli ni ile ile na cheti kina thamani ile ile na cha wakubwa, tofauti ni mada tu, mtoto haulizwi habari za ofisini. Oxford wana Oxford Test of English for Schools, wa miaka 12 mpaka 16, huu ni kompyuta mwanzo mwisho, hata kuongea unaongea na mashine, na mtihani mmoja unapima kuanzia A2 hadi B2. Halafu kuna TOEFL Junior wa ETS, shirika la mitihani la Marekani, kuanzia kama miaka 11, ule wa kawaida una kusikiliza, kusoma na sehemu ya grama na msamiati, maswali 42 kila sehemu, alama zinaanzia 600 mpaka 900. Kuongea kwenye TOEFL Junior ni mtihani wa pembeni, kwa hiyo kama shule unayoiwania inataka kuona mtoto anaongeaje, waulize kabla hujalipa.

Kwa hiyo mtoto mkimya asiyependa watu wasiomjua, lakini akiwa peke yake na simu haishiwi maneno, huyo mashine inaweza kumfaa. Mwingine akikosa sura ya kuiangalia anaganda kabisa, huyo mpeleke Cambridge, kwa sababu pale hata kama sehemu nyingine zote ni za kompyuta, kuongea bado ni ana kwa ana, watoto wawili mbele ya watahini wawili, mmoja anauliza na mwingine yuko kimya anaweka alama. Huyo wa kimya watoto wanamuogopa sana sijui kwa nini, mwambie mapema kwamba ndio kazi yake kukaa hivyo, hajakasirika.

Na leveli jamani, tusikimbilie B2 kwa sababu mtoto wa jirani kafanya B2. B2 First for Schools kwenye kuandika inataka kazi mbili, kila moja maneno 140 mpaka 190, na ya kwanza ni insha ya hoja, hachagui, kwa saa moja na dakika 20. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuwa na Kiingereza cha kutosha kabisa lakini hana cha kusema kwenye insha ya hoja, hiyo ni ishu ya umri wala si lugha. Cambridge wana kitu kizuri ambacho wazazi wengi hawakijui, B1 unapita ukipata alama 140 kwenye kipimo chao (sio asilimia), lakini mtoto akiangukia kati ya 120 na 139 anapewa cheti kinachosema yuko A2, hatoki mikono mitupu, na akifika 160 na kuendelea cheti kinaandika yuko B2. Sasa mtoto wa katikati mpeleke B1 akapate alama za juu, anatoka na B2 yake bila kupigana na ile insha. Mi naona hiyo ndio akili.

Haya turudi kwenye vidole. B1 kwenye kuandika una dakika 45, barua pepe ya maneno kama 100 na kingine cha maneno kama 100, hapo anachagua makala au hadithi. Ukisikia maneno 200 kwa dakika 45 unaona muda wa bwerere. Piga hesabu, mtoto anayedonoa kibodi kwa kidole kimoja anatoa labda maneno 10 kwa dakika, hapo dakika 20 zimeliwa na kutafuta herufi tu, bado hajafikiria, hajasoma swali, hajarudia kuangalia makosa. Anayetaipu maneno 25 kwa dakika anatumia dakika 8. Watoto wawili wana Kiingereza sawasawa na mmoja ana dakika 12 zaidi za kufikiri, unategemea matokeo yafanane?

Kwa hiyo dakika 15 kila siku za kutaipu, kwenye kibodi ya kweli, simu haihesabiki. Na simu ina dhambi nyingine kubwa zaidi, inawarekebisha kimya kimya. Mtoto anaandika dont bila ile alama ya juu ya don't, simu inaweka. Anaandika i ndogo, simu inaikuza. Spelingi imekosewa, simu inabadilisha yeye hata hajaona. Amekaa miaka na miaka akidhani anajua kuandika kumbe simu ndio inajua, siku ya mtihani hakuna wa kumrekebishia na yote yanatoka vile vile yalivyo. Mfungulie ile programu ya kuandikia iliyo rahisi kuliko zote kwenye kompyuta, kama ina mistari myekundu ya kusahihisha spelingi izime, aandike humo. Wiki za mwanzo utashtuka, vumilia tu. Mwonyeshe pia ile alama ya juu ya don't iko wapi kwenye kibodi, herufi kubwa inawekwaje, kwa sababu nimeona mtoto anawasha ile ya herufi kubwa, anaandika moja, anaizima, kila sentensi hivyo hivyo.

Cambridge wana chombo chao cha bure kinaitwa Write & Improve, unaandika, kinakuonyesha sehemu zenye shida na kukukadiria leveli papo hapo. Nakipenda kwa sababu mara nyingi hakimpi mtoto jibu, kinamwambia hapa pana kitu angalia tena, basi anahangaika mwenyewe. Wale wanaouza insha za kukariri mi siwaelewi kabisa, swali likigeuka kidogo mtoto anamwaga kile alichokariri na msahihishaji anaona wazi hajajibu alichoulizwa.

Kuongea na mashine nako kuna mazoezi yake. Kwenye ule wa Oxford kuna sehemu unaambiwa uache ujumbe wa sauti, unapewa sekunde chache za kufikiri halafu inarekodi, muda ukiisha umeisha. Watoto wanatuma voisi kutwa, kwa hiyo utadhani watapasua. Shida ni kwamba kwenye voisi akikosea anafuta anaanza upya, hiyo tabia ndio inawamaliza, anakosea neno moja, anacheka, ananyamaza akisubiri kuanza tena na mashine inaendelea kurekodi ukimya wake. Zoezi langu ni rahisi, mpe mada yoyote, arekodi sekunde 40, marufuku kufuta, akikosea aseme sorry, I mean, aendelee mbele. Halafu sikilizeni pamoja alichorekodi. Usianze kwa kumsahihisha grama, mwulize kwanza wapi alinyamaza na kwa nini, mara nyingi utakuta alikuwa anatafuta neno moja gumu wakati angeweza kulizunguka kwa maneno mepesi. Na afanye wakati mwingine pakiwa na kelele, maana kwenye chumba cha mtihani wenzake nao wanaongea na mashine zao pembeni yake, hilo linawachanganya kuliko swali lenyewe.

Kusikiliza sina mengi. Cambridge sauti inapigwa mara mbili, kwa hiyo asiwe na haraka. Mtoto akisikia neno linalofanana na jibu A anaklik A hapo hapo, wakati mtego ni kwamba A, B na C zote huwa zinatajwa halafu mbili zinakataliwa mazungumzo yakiendelea. Mfundishe mkono usiguse mausi mpaka mtu amalize kuongea. Na ile dakika ya mwanzo ya kujaribu hedifoni aitumie kweli, sauti ikiwa ndogo anyooshe mkono hapo hapo asione aibu, sehemu ikishaanza kumsimamisha msimamizi ni kazi nyingine.

Kusoma kwenye skrini pia kunawasumbua wengi na hawasemi. Kwenye karatasi walizoea kupiga mstari kwa penseli, huku kuna kuvuta maandishi juu na chini, swali upande huu habari upande ule. Tovuti rasmi za hii mitihani zina sampo za bure kwa muonekano ule ule wa siku ya mtihani, fanya nazo hizo kuliko makaratasi ya kuchapisha uliyotumiwa kwenye grupu, na azifanye kwenye kompyuta.

Kuna jambo moja la kumweleza mapema kama anafanya mtihani unaojibadilisha, yaani ukijibu vizuri unaletewa swali gumu zaidi, ukikosea linakuja jepesi. Oxford kusoma na kusikiliza ni hivyo. Mtoto anayefanya vizuri atahisi anazama, kila swali gumu kuliko lililopita, anatoka analia kwamba kafeli na kumbe yuko juu kabisa. Mwambie ukiona yanakuwa magumu shukuru. Na asitegemee kurudi nyuma kubadilisha, kwa sababu swali linalofuata limeshachaguliwa kwa jibu alilotoa.

Kuhusu lini umsajili, mi siangalii ameshamaliza kitabu gani. Namkalisha afanye sampo nzima, saa ikiwa inatembea, mimi niko chumba kingine. Akimaliza kuandika na zimebaki dakika kama tano za kupitia kazi yake, lipia. Kama muda unamkatia katikati ya sentensi, subiri awamu nyingine, vituo vingi vina tarehe kadhaa kwa mwaka. Na cheti cha Cambridge hakina tarehe ya kuisha lakini cha TOEFL Junior huwa kinahesabika miaka miwili, kwa hiyo kumpeleka mapema mno TOEFL ukiwa unalenga shule ya miaka mitatu ijayo ni kutupa hela.

Ukijaza fomu, jina liwe kama lilivyo kwenye pasi au kitambulisho atakachoenda nacho, herufi kwa herufi. Sio jina mnalomwita nyumbani.