Mwanangu, machozi ya siku ya nne

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini unalia ilhali mtoto uliyemtamani miaka yote yuko kifuani, mzima, ananyonya. Unaogopa kwamba humpendi. Leo ana siku 4, basi tuanzie hapo.

Ujauzito ulipandisha homoni zako juu sana. Kondo lilipotoka, zikaporomoka ndani ya siku chache, wakati mwili una kidonda na usingizi umekatikakatika. Ndiyo maana wengi wa waliojifungua hububujikwa na machozi kati ya siku ya 3 na ya 5. Hali hiyo huisha yenyewe kabla ya wiki 2. Hesabu tangu siku uliyojifungua, uandike tarehe mahali unapoiona.

Zikipita wiki 2 na giza halijaondoka, usivumilie, mwanangu. Huenda hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na inaweza kuanza hata miezi kadhaa baadaye. Utaitambua hivi: mtoto amelala na wewe usingizi haukujii, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, unajiona mzigo. Mwambie mkunga maneno hayo hayo, usimwambie "nimechoka tu." Waombe pia wapime damu na tezi ya thairoidi iliyo shingoni, maana kasoro za hapo huleta uchovu unaofanana. Sonona inatibika, na zipo dawa zinazotumika hata ukiwa unanyonyesha. Lakini ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukikesha bila kuhisi haja ya kulala, au likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na mtu asikuache peke yako.

Kuhusu mapenzi. Kwa wengine huja mara moja, kwa wengine huja polepole, wiki baada ya wiki, na watoto wa hao nao hupendwa vilevile. Kichanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titi hadi uso wako. Anaponyonya, shusha mabega, mtazame. Atanyonya mara 8 hadi 12 kwa siku bila kukurudishia hata tabasamu, na hapo ndipo wengi huvunjika moyo. Tabasamu lake la kwanza la kukujibu huja karibu na wiki ya 6 au ya 8. Kilio nacho hufikia kilele karibu na wiki hiyo ya 6, kwa hiyo wiki ngumu na wiki tamu zitakuja zimeshikana mkono.

Akilia na wewe damu ikachemka: tazama nepi, mpe titi, mcheulishe. Bado? Mlaze chali kitandani pake, pasiwe na mto wala blanketi zito, toka nje, funga mlango, kaa dakika 5 hadi 10, kisha rudi umtazame. Kulia dakika hizo hakumdhuru. Kutikiswa kunaweza kumuua, kwa kuwa shingo haijakaza na ubongo huvuja damu.

Usingizi nao ni dawa. Ukimaliza kumnyonyesha, mkabidhi mumeo: yeye amcheulishe, ambadilishe, ambembeleze. Wewe lala mpaka zamu ya kunyonya tena, simu ikiwa chumba kingine.

Ukinipigia kesho, usianze na habari za mtoto. Niambie kwanza umelala saa ngapi mfululizo, na kama umekula.

Mama yako