Maswali ya Wasomaji: Chai ya Kijani na Kumbukumbu Uzeeni

SWALI: Mama yangu ana miaka 72 na ameanza kusahau majina ya watu. Je, chai ya kijani itamrudishia kumbukumbu? Nimpe vikombe vingapi?

JIBU: Chai hairudishi kumbukumbu iliyokwisha kupotea. Kwanza mpeleke mama kwa daktari. Kusahau huweza kuletwa na upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kuzembea, sonona, hata dawa za usingizi, na yote haya yana tiba. Tafadhali usisubiri chai ifanye kazi ya daktari.

Chai yenyewe ina sababu nzuri za kunywewa. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na mafuta yake mengi huharibiwa upesi na kemikali zinazozalishwa na matumizi hayo. Katekini, antioksidanti za chai ya kijani, hasa ile iitwayo EGCG, huzuia uharibifu huo maabarani. Mwilini mambo ni magumu zaidi, kwani ni sehemu ndogo tu ya katekini inayotoka utumboni na kuingia kwenye damu. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba wazee wa miaka 70 na zaidi wanaokunywa vikombe 2 au zaidi kwa siku walikuwa na matatizo machache ya utambuzi (kufikiri na kukumbuka) kuliko wanaokunywa mara chache. Hata hivyo watu hao walipimwa mara moja tu, kwa hiyo haijulikani kipi kilitangulia. Huenda mzee mwenye akili nyepesi ndiye anayetembelea wenzake na kunywa nao chai.

Mpe vikombe 2 au 3, cha mwisho kabla ya saa nane mchana. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu, na mzee asiyelala vizuri husahau zaidi.

SWALI: Kila nikiipika inakuwa chungu, hainyweki. Nakosea wapi?

JIBU: Bila shaka unachemsha majani pamoja na maji. Chemsha maji peke yake, epua, yaache dakika chache yashuke hadi nyuzi 80 hivi. Mimina mililita 200 juu ya gramu 2 za majani (kama kijiko kimoja cha chai), funika, chuja baada ya dakika 2 au 3. Ukiyaacha humo, uchungu unazidi. Lakini uchungu kidogo uuvumilie, kwa sababu hizo ndizo katekini zenyewe. Matone ya limau huzisaidia zisiharibike tumboni. Majani yahifadhi kwenye kopo linalobana, mbali na mwanga.

SWALI: Vidonge vya chai ya kijani si rahisi zaidi?

JIBU: Tunavikataa. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitahadharisha kwamba miligramu 800 za EGCG kwa siku kutoka kwenye vidonge, au zaidi, huweza kuonyesha dalili za ini kuumia. Kwa chai ya kawaida si rahisi kufika huko. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au nadololi (dawa ya shinikizo la damu) amwambie daktari hata kama anakunywa chai tu: nadololi hupungua nguvu, na chai nyingi huweza kuvuruga kazi ya warfarini. Mwenye upungufu wa damu anywe saa moja au zaidi baada ya mlo, maana katekini hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka.