Springi ya rivolva si ya kukatwa

SWALI: Nina kibali, na nataka rivolva ndogo ya kubeba chini ya nguo, ya risasi tano za .38 Special. Muuzaji ananishauri nichukue iliyo nyepesi kuliko zote. Kifyatulio nimekiona kigumu, ila fundi mmoja anasema atakata springi kidogo kiwe laini. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu. Wengi huniuliza hili wakati fundi keshakata.

Ugumu huo una kazi. Ukivuta kifyatulio bila kukoki kwanza, yaani bila kuivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, kidole kimoja kinazungusha silinda, kile kiviringo chenye vyumba vya risasi, kinairudisha nyundo nyuma, kisha kinaiachia. Kwa rivolva nyingi ndogo mpya, mvuto huo ni kama kilo 5. Springi kuu ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kupasua fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Ikatwe, nyundo inagonga kivivu. Niliwahi kuletewa moja ya namna hiyo. Nikaweka risasi tano, zikalia mbili. Zile tatu vitako vyake vilikuwa na alama kama ya ncha ya kalamu, basi. Mwenyewe alikuwa ameibeba miezi saba, akijiona ana ulinzi.

Iko na springi ya pili, ya kurudisha kifyatulio mbele. Nayo wanaikata. Umefyatua mara moja, kifyatulio kikabaki nyuma, utafanyaje?

Kinachoniudhi ni lile jaribio lao: anaivuta tupu mbele yako, ka, ka, ka, "umeona ilivyo laini?" Tupu kila bastola hulia ka! Fundi anayeijua kazi hulainisha nyuso za chuma zinazosuguana, kisha anakwenda kuipiga kwa risasi za kweli.

Dawa ya kidole ni mazoezi. Weka risasi chumba kingine, kagua silinda mara mbili, tia risasi bandia, elekeza ukuta imara, vuta taratibu mara ishirini kwa siku. Mpini nao ukukae mkononi. Ukiwa mnene mno, kidole hakifiki vizuri.

Huo wepesi wa muuzaji ni mtamu mfukoni tu. Yenye gramu 340 inapiga teke, na teke hilo linaweza kuchomoa taratibu vichwa vya risasi zilizobaki hadi silinda ikwame. Chukua ya chuma, gramu 600 hivi, nyundo iwe imefichwa ndani isinase kwenye nguo. Mfuko wake ufunike kifyatulio, na usichanganye na funguo.

Mafundi hawa hawaishii kwenye springi. Wapo wanaong'oa hata kile kipande kinachoizuia nyundo isifike kwenye risasi bastola inapoanguka, eti kinaongeza msuguano. Kama yako imeshapita mikononi mwao, rudisha vipuri vya kiwandani, nenda uwanja wa shabaha, piga hamsini za aina ileile unayobeba. Ikikataa hata moja kulia, iache ndani ya sefu.